Maji ya Camp Lejeune: mji wa askari uliokunywa sumu kwa miaka 34

Kisa hiki kinahusu visima vya Camp Lejeune, kambi ya askari wa Marine iliyo kwenye mlango wa Mto New, kaunti ya Onslow, pwani ya jimbo la North Carolina, Marekani, pamoja na mji wa Jacksonville uliokua getini pake. Kuanzia Agosti 1953 hadi Desemba 1987, maji ya bomba ya sehemu kubwa ya kambi hiyo yalikuwa na kemikali za kusafishia vyuma na nguo, na mengine yalikuwa na mabaki ya mafuta ya magari. Inakadiriwa kuwa walioyatumia wanaweza kufika watu milioni 1. Kemikali hizo si za ajabu. Zimeharibu visima katika miji mingi yenye viwanda. Kinachofanya kisa hiki kistahili kufuatwa hatua kwa hatua ni mji wenyewe. Wakazi wake wengi hukaa miaka miwili au mitatu kisha wakahamishwa, na mwenye kisima, mwenye mtambo wa maji, mwenye nyumba, mwenye hospitali na mwenye kutangaza habari ni mmoja. Bila kuelewa hilo, huwezi kuelewa kwa nini maji mabaya yaligunduliwa mwaka 1980 na watu wakaendelea kuyanywa hadi visima vibaya zaidi vilipofungwa mwanzoni mwa 1985.

Nani alikaa wapi

Kabla ya 1941 Jacksonville ilikuwa mahali padogo pa wakulima wa tumbaku, wavuvi na wapasua mbao. Wakazi wake hawakufika 1,000. Serikali ilipotafuta mahali pa kuwafunza askari kushuka kutoka melini na kuvamia ufuo, ilitwaa ardhi ya kando ya mto hadi baharini, ikazihamisha familia mamia, zikiwamo familia za watu weusi waliolima hapo vizazi kwa vizazi. Sehemu ya kambi iliyoitwa Montford Point ndiko walikofunzwa askari weusi wa kwanza wa Marine, kama 20,000 kati ya 1942 na 1949, wakitengwa na wenzao weupe.

Kambini, cheo ndicho kilichoamua unalala wapi, na pa kulala ndipo palipoamua unakunywa maji gani. Vijana wasio na familia walilala kwenye mabweni ya Hadnot Point, eneo kuu lenye karakana, maghala, mabwalo ya chakula na hospitali ya kambi ya wakati huo. Familia za askari wa kawaida na masajini ziliishi Tarawa Terrace, nyumba zilizojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Familia nyingine ziliishi Midway Park na Berkeley Manor, na maofisa Paradise Point. Kila asubuhi raia waliingia kutoka Jacksonville na vijiji vya jirani kufanya kazi: mafundi, wapishi, walimu, wauguzi, makarani. Hao walikunywa maji ya kambi mchana na ya kwao usiku.

Nje ya geti, barabara ya Lejeune Boulevard ilijaa biashara za kuhudumia askari: vinyozi, mafundi magari, maduka ya rehani, na madobi. Dobi katika mji wa askari hakosi kazi, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama kwenye gwaride na sare iliyokunjamana.

Sumu iliingia kwa milango miwili

Mlango wa kwanza ni huo wa dobi. Mwaka 1953 lilifunguliwa duka la ABC One-Hour Cleaners, ng'ambo ya barabara kutoka Tarawa Terrace. Nguo za kusafishwa bila maji husafishwa kwa tetrakloroetilini, kwa kifupi PCE, kimiminika kizito kisicho na rangi. Kikishatumika huchemshwa ili kivunwe tena, na chini ya mtungi hubaki tope zito lenye mafuta na uchafu wa nguo. Maji taka ya duka yalikwenda kwenye tangi la choo lililofukiwa ardhini, na tope lile lilitumika pia kufukia mashimo ya njia uani. Kisima cha kambi namba TT-26 kilikuwa karibu, chini ya nusu kilomita.

PCE ina uzito mara 1.6 ya maji, kwa hiyo haielei. Huzama kupitia mchanga, ikapita usawa wa maji ya ardhini, ikaendelea kushuka hadi ikutane na tabaka la udongo mfinyanzi, kisha ikajikusanya hapo na kuyeyuka polepole kwa miaka mingi. Pwani ya North Carolina ni mchanga na mawe ya chokaa. Maji ya chini hupita humo kwa wepesi, na visima vya kambi vilichota tabaka hilohilo. Pampu inapovuta, haivuti maji yaliyo chini yake peke yake. Hutengeneza mteremko, na maji ya mamia ya mita kuizunguka huanza kuelekea kwake. Kwa maneno mengine, kisima ndicho kilichoiita sumu.

Wingi wake pia unapotosha macho. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo Marekani ni mikrogramu 5 za PCE katika lita moja ya maji. Lita moja ya PCE safi ina uzito wa kilo 1.62. Piga hesabu: lita hiyo moja inatosha kuchafua lita milioni 324 za maji hadi kikomo hicho. Haihitajiki bomba kupasuka wala pipa kupinduka. Matone ya kila siku ya duka moja, kwa miaka 30, yalitosha.

Mlango wa pili ulikuwa kambini kwenyewe, na huu ndio ulioleta viwango vikubwa zaidi. Karakana za Hadnot Point zilisafisha vipuri vya magari na silaha kwa trikloroetilini, TCE, ndugu wa PCE. Iliyokwisha kutumika ilimwagwa ardhini, ikatupwa kwenye mashimo, au ikapelekwa yadi ya vitu chakavu. Mwaka 1972 kisima HP-651 kilianza kuvuta maji jirani na yadi hiyo. Kwingineko Hadnot Point palikuwa na matangi ya mafuta yaliyofukiwa tangu miaka ya 1940, nayo yalivuja. Ndiyo maana benzini ikakutwa majini. TCE na PCE zikikaa ardhini bila hewa, vijidudu huzivunja kidogo kidogo, na moja ya mabaki ya safari hiyo ni vinili kloridi, ambayo kikomo chake ni kikali zaidi: mikrogramu 2.

Mitambo ya kambi haikuweza kuzizuia. Ililainisha maji kwa chokaa, ikayachuja kwenye mchanga, ikatia klorini. Klorini huua vijidudu, haigusi TCE. Kinachoiondoa ni kuyapitisha maji kwenye mnara wa kuyapuliza hewa, au kwenye kichujio cha mkaa maalumu, na vyote viwili havikuwapo. Kuchemsha nyumbani nako hakukuwa kinga: kemikali hizi hupaa mvuke haraka, kwa hiyo aliyechemsha aliitoa sufuriani akaivuta puani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa bafuni pia. Mtu aliyeoga maji ya moto dakika kumi mlango ukiwa umefungwa aliweza kupokea kiasi kinacholingana na alichokunywa siku nzima.

Kwa nini vipimo vilipanda na kushuka

Sehemu hii ndiyo iliyowapumbaza watu kwa miaka, na fundi yeyote wa maji anapaswa kuishika vizuri.

Kambi ilikuwa na visima vingi, lakini havikuendeshwa vyote kwa pamoja. Kila mtambo ulikuwa na kundi lake, na wahudumu waliwasha vichache kwa zamu, wakivizima vingine vipumzike. Maji ya visima vilivyowashwa yalichanganyika mtamboni kabla ya kwenda mabombani. Mwezi Februari 1985 kisima HP-651 kilipimwa kikiwa na TCE mikrogramu 18,900 kwa lita. Tuseme kinaendeshwa pamoja na vingine saba vilivyo safi, vyote vikitoa maji sawa: bombani utapata kama 2,360. Kizime, utapata sifuri. Mtu huyohuyo, jikoni mwake, bomba lilelile, wiki hii anakunywa sumu na wiki ijayo maji safi, na hakuna harufu wala rangi ya kumwambia.

Basi mwezi Mei 1982 maji ya bomba ya Hadnot Point yalipopimwa, TCE ilikuwa 1,400. Mwezi Julai mwaka huohuo ilikuwa karibu 20. Asiyejua zamu za visima angeona tatizo linaisha lenyewe. Anayezijua angeuliza swali moja tu: siku ile ya Mei, visima gani vilikuwa vimewashwa? Daftari la wahudumu wa pampu lilikuwapo. Kulilinganisha na karatasi za maabara lingekuwa jambo la mchana mmoja.

Uchukuaji wa sampuli nao una masharti yake, na ukikosewa kosa huelekea upande mmoja tu: namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Hutumika kichupa cha kioo cha mililita 40 chenye kifuniko cha kubana. Kichujio cha mdomo wa bomba hutolewa kwanza, kwa sababu huchanganya maji na hewa na kemikali ikapotea. Maji huachwa yatiririke taratibu, kichupa huinamishwa na kujazwa hadi maji yavimbe juu ya mdomo, ndipo hufungwa. Kisha hugeuzwa juu chini na kugongwa kidole. Kikionekana kipovu cha hewa, hata kidogo, sampuli humwagwa na kuanzwa upya, maana TCE huhamia kwenye hewa hiyo na maabara hupima maji yaliyokwisha kupungukiwa. Hutiwa matone ya asidi ili vijidudu visiendelee kuila, kikawekwa kwenye barafu, na kupimwa ndani ya siku 14. Sampuli ikikaa dirishani wiki tatu, karatasi itasema maji ni safi.

Maonyo

Mwaka 1979 Marekani iliweka kikomo kwa trihalomethani, kemikali zinazotokea klorini inapokutana na uozo wa majani. Kambi ikaanza kupeleka sampuli kwa ajili ya hizo tu. Oktoba 1980 maabara ya jeshi la nchi kavu ilishindwa kuzisoma sawasawa, kwa kuwa kwenye karatasi ya mashine vilele vya kemikali nyingine vilikuwa vinavifunika vilele vilivyotafutwa. Mpimaji hakunyamaza. Aliandika kwenye fomu kwamba maji yamechafuka sana, na Machi 1981 akaandika tena, kwa herufi kubwa na alama ya mshangao, kwamba yana viyeyushi vya klorini. Fomu ilifika, ikawekwa faili.

Mwaka 1982 maabara binafsi ya jimboni, Grainger Laboratories, iliona vilele vilevile, ikavitambua kwa majina: TCE Hadnot Point, PCE Tarawa Terrace. Haikuishia kutuma namba. Ilipiga simu kambini, na Agosti ikaandika barua ikieleza kuwa jambo hili lina uzito kuliko zile trihalomethani zilizokuwa zikitafutwa.

Kwa nini hapakuwa na hatua? Jibu lililotolewa miaka yote ni kwamba hapakuwa na sheria. Ni kweli kwamba kikomo cha TCE na benzini kilipitishwa 1987 na kuanza kutumika 1989, na cha PCE kikaja baadaye. Lakini kukosekana kwa kikomo hakukumzuia mtu kupima kisima kimoja kimoja, wala kukizima kibaya. Visima vilikuwa vingi vya kutosha kuzima viwili vitatu. Kazi ya kuvipima kimoja kimoja ilianza Julai 1984 tu, tena chini ya mpango mwingine kabisa: ukaguzi wa majalala ya zamani ya jeshi la majini. Kisima HP-602 kilikutwa na benzini mikrogramu 380, kikafungwa tarehe 30 Novemba 1984. HP-651 kilifungwa 4 Februari 1985. TT-26, kilichokutwa na PCE 1,580, kilifungwa siku nne baadaye. Tangu simu ya Grainger, miaka miwili na nusu ilikuwa imepita.

Tukio moja la majuma hayo ya mwisho linaonyesha jinsi mfumo ulivyokuwa kipofu. Holcomb Boulevard ulikuwa mtambo safi, uliojengwa 1972 kuhudumia nyumba zilizokuwa zikipata maji ya Hadnot Point. Tarehe 27 Januari 1985 petroli ilivuja ikaingia kwenye maji ya mtambo huo, wakazi wakalalamika harufu, mtambo ukazimwa, na ili nyumba zisikose maji ikafunguliwa vali ya kuleta maji ya Hadnot Point. HP-651 kilikuwa bado kinafanya kazi. Sampuli iliyochukuliwa tarehe 31 kwenye bomba la shule ya msingi ya Berkeley Manor ilikuwa na TCE mikrogramu 1,148. Watoto waliondolewa kwenye maji yenye harufu, wakapewa yasiyo na harufu, na hayo yasiyo na harufu ndiyo yaliyokuwa na sumu mara 230 ya kikomo cha leo. Vali hiyo haikufunguliwa siku hizo tu. Wakati wa kiangazi, nyasi za kiwanja cha gofu zilipohitaji maji mengi, maji ya Hadnot Point yalipitishwa upande ule kwa vipindi.

Barua ya Aprili 1985

Wakazi wa Tarawa Terrace walipata barua ya mkuu wa kambi tarehe 30 Aprili 1985. Ilisema visima viwili vimeondolewa kazini kwa sababu ya chembe kidogo sana za kemikali kadhaa, ikaongeza kuwa hakuna kanuni ya jimbo wala ya taifa inayotaja kiwango salama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilihusu upungufu wa maji uliotokana na kufungwa kwa visima hivyo, na namna ya kubana matumizi.

Msomaji wa barua hiyo ni mama wa watoto wawili, mume yuko baharini, na wamebakiza miezi mitano wahamie California. Haelezwi kemikali gani, wala kiasi gani: siku za Februari bomba lake lilikuwa na PCE 215, lakini barua inasema chembe. Haelezwi kwamba hesabu za baadaye zingeonyesha PCE ilizidi kikomo hapo tangu Novemba 1957. Anafanya kinachoombwa: anaacha kuosha gari. Waliokuwa wamehama mwaka uliotangulia hawakuandikiwa, na waliohama miaka 20 kabla yake hawakuwa hata na wazo kwamba kuna jambo la kuulizia.

Hapa ndipo umbile la mji lilipofanya kazi yake mbaya. Katika mji wa kawaida, majirani wanaougua hukutana msikitini, kanisani, sokoni, kliniki. Daktari mmoja huona wagonjwa wanne wa mtaa mmoja akashtuka. Tarawa Terrace mtoto aliyetungwa mimba 1975 anaweza kugundulika na ugonjwa akiwa kituo kingine cha jeshi, katika jimbo jingine, na jirani yake wa zamani akiugua nchi nyingine. Kila daktari aliona mgonjwa mmoja. Raia wa Jacksonville waliofanya kazi kambini ndio pekee waliobaki mahali pamoja, lakini wao hawakuhesabiwa kama wakazi wa kambi, na mkate wao ulitoka humohumo.

Waliounganisha uzi

Jerry Ensminger, sajini mstaafu wa Marine, alimpoteza binti yake Janey mwaka 1985 kwa saratani ya damu. Mtoto alikuwa na miaka 9. Mimba yake ilitungwa familia ikiwa Tarawa Terrace. Miaka 12 baba alijiuliza ugonjwa ulitoka wapi. Mwaka 1997 alisikia kwenye habari za televisheni kwamba maji ya kambi yalichafuka na huenda yanahusiana na saratani za watoto. Mike Partain, aliyezaliwa kambini 1968, aligundulika na saratani ya titi mwaka 2007, ugonjwa ambao kwa wanaume ni nadra sana. Alianza kutafuta wanaume wenzake waliopitia kambi ile wakaupata, na akawapata zaidi ya 80. Orodha hiyo iliandikwa na mgonjwa, kwa simu na barua, kabla ya ofisi yoyote kufikiria kuiandika.

Wao na wenzao walisoma maelfu ya kurasa za kumbukumbu za kambi. Tathmini ya afya iliyotolewa 1997 na ATSDR, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia sumu na magonjwa yake, ilikuwa imesema watu wazima hawakuelekea kudhurika. Mwaka 2009 wakala huo uliiondoa tathmini hiyo, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba benzini haikuwa imehesabiwa, ilhali ilikuwamo kwenye kumbukumbu. Hakuna adhabu niionayo nzito kwa karatasi ya kisayansi kuliko kuondolewa na walioiandika.

Namna ya kupima madhara ya maji yaliyokwisha kunywewa

Kabla ya 1980 hakuna kipimo hata kimoja. ATSDR ilijenga upya historia kwa kompyuta: tabaka za ardhi, kina cha visima, kumbukumbu za pampu, mwaka duka la dobi lilipofunguliwa, kasi ya maji chini ya ardhi. Matokeo yakalinganishwa na sampuli za 1980 hadi 1985 kuona kama mfano unafuata ukweli. Hapo ndipo ilipotoka tarehe ya Agosti 1953 kwa Hadnot Point.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: uwalinganishe watu hawa na nani? Askari wa Marine huchaguliwa wakiwa wazima. Ukiwalinganisha na Wamarekani wote, watatoka na afya njema hata wakiwa wamekunywa sumu, na sumu itafichika nyuma ya uzima wao. Kwa hiyo walilinganishwa na askari wa Camp Pendleton, kambi nyingine ya Marine, pwani ya California, yenye watu wa umri na kazi zilezile lakini maji yake hayakuwa na kemikali hizi. Kila upande ulikuwa na askari kama 155,000. Utafiti wa vifo wa 2014 ulikuta vifo vya saratani kwa ujumla vimezidi kwa asilimia 10 upande wa Lejeune. Utafiti wa 2024 wa waliougua, uliohusisha pia raia waliofanya kazi kambini, ulikuta aina kadhaa za saratani zimezidi kwa asilimia 20 au zaidi. Kwa watoto waliozaliwa kambini 1968 hadi 1985, utafiti wa 2013 uliihusisha TCE ya miezi ya mwanzo ya mimba na kasoro za uti wa mgongo na ubongo.

Sheria na milango yake

Askari aliye kazini hawezi kuishitaki serikali ya Marekani kwa madhara ya utumishi. Hilo liliamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo 1950. Mke, watoto na raia waliweza, ila North Carolina ilikuwa na sheria inayofunga mlango miaka 10 baada ya tendo la mwisho la kuchafua, hata kama mlalamikaji hakujua lolote. Tendo la mwisho hapa ni la 1987. Mlango ukafungwa 1997, mwaka uleule Ensminger alipoisikia habari kwa mara ya kwanza. Sheria ya kulilazimu jeshi la majini kuwatafuta na kuwaarifu wakazi wa zamani ilikuja 2008.

Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya matibabu yenye jina la Janey, ikitaja magonjwa 15. Mwanzoni ilihesabu waliokaa kuanzia 1957; ikarekebishwa 2014 kurudi hadi Agosti 1953. Tangu Machi 2017 maveterani wana magonjwa 8 yanayochukuliwa kuwa yametokana na maji bila wao kuthibitisha uhusiano: saratani ya damu kwa watu wazima, ya figo, ya ini, ya kibofu, limfoma isiyo ya Hodgkin, mieloma, upungufu wa damu unaotokana na kuharibika kwa uboho, na ugonjwa wa Parkinson. Sharti ni kukaa siku 30, si lazima mfululizo.

Haki ya kushitaki ilifunguliwa 10 Agosti 2022, ikapewa miaka miwili. Ilipofungwa Agosti 2024 madai zaidi ya 400,000 yalikuwa yamewasilishwa. Kuna njia ya malipo ya haraka: kundi la kwanza la magonjwa, lenye saratani ya figo, ini, kibofu, damu na limfoma, hulipwa dola 150,000 kwa aliyekaa chini ya mwaka, 300,000 kwa mwaka 1 hadi 5, na 450,000 kwa zaidi ya hapo. Kundi la pili, lenye mieloma, Parkinson, figo kushindwa kabisa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa, hupungukiwa 50,000 katika kila ngazi. Kifo huongeza 100,000. Asiyeridhika huenda mahakama ya shirikisho ya mashariki mwa North Carolina, ambako mwaka 2024 majaji waliamua kesi hizi zisikilizwe bila baraza la wazee wa mahakama. Maombi ya veterani kwa wizara ya maveterani yanayohusu fidia ya ulemavu au matibabu hayakufungwa na tarehe ile. Anayesikia leo bado anaweza kuomba.

Yanayokwamisha madai mengi si ugonjwa. Hospitali zina kumbukumbu. Yanakwamishwa na siku 30. Askari ana karatasi ya kuachishwa jeshi na amri za uhamisho. Mke hana kitu chenye jina lake, kwa kuwa nyumba iliandikwa kwa cheo cha mume. Hapo hutafutwa kadi za nyumba za kambi, cheti cha ndoa, kumbukumbu za shule ya watoto, bahasha za zamani zenye anwani. Raia mfanyakazi hutafuta hati za mshahara au za bima. Na kwa aliyekuwa bado tumboni, sheria ya 2022 inahesabu miezi ya mimba sawa na makazi: cheti chake cha kuzaliwa, kikiwekwa pamoja na amri ya uhamisho ya baba na cheti cha ndoa cha mama, huonyesha mama alilala wapi miezi ile tisa na alifungua bomba la mtambo gani.